Siku sita chini ya jua la utosi

4 Oktoba, Mkoani

Boti imefunga gati Mkoani mchana, na harufu ya karafuu ikatupokea kabla ya wachukuzi. Ndio msimu wenyewe. Kutoka bandarini hadi Chake Chake, kila kibaraza na kila ukingo wa lami uliokauka umetandikwa jamvi, na juu ya jamvi karafuu zinaacha ukijani na wekundu wake, zinaingia kwenye hudhurungi. Shemeji yangu aliyekuja kunipokea na gari alikuwa akipunguza mwendo kila penye majamvi ili tusiwatilie watu vumbi.

Begini nina kamera moja, lenzi ya milimita 400, nyingine fupi ya milimita 35, betri nne na kanga mbili za mama. Kanga moja ya kujifunika kichwa pamoja na kamera, maana bila kivuli skrini haionekani kitu. Ya pili ya kulalia chini.

"Shemeji," aliniuliza njiani, "wapiga picha nawajua, hutoka alfajiri na jioni. Wewe mbona umekuja kulifuata jua kali?"

Nilimweleza. Kila mwaka jua hupita juu kabisa ya visiwa vyetu mara mbili, Machi likielekea kaskazini na Oktoba likirudi kusini. Pemba iko nyuzi 5 na kitu kusini mwa ikweta, Unguja nyuzi 6 na kitu. Kwa hiyo mwezi huu jua linasimama utosini mwa Pemba mnamo tarehe 6, na siku tatu baadaye linakuwa juu ya Unguja ya kusini. Nataka nilipokee huku, nipige picha za wanyama chini yake, kisha nivuke nalo.

Sababu yangu ni ya muda mrefu. Mafunzo yote niliyosoma yananiambia nipige saa ya kwanza na saa ya mwisho ya mchana, mwanga ukiwa laini wa dhahabu. Walioyaandika wanakaa nchi ambazo jua hutambaa chini chini kwa muda mrefu. Kwetu jua likichomoza linapanda wima kama mkwezi, na saa moja baadaye limeshakuwa gumu. Tena msituni hatuingii kabla lango halijafunguliwa, na wakati huo jua liko juu ya miti. Mwaka juzi mteja mmoja aliniagiza picha za kalenda, akazirudisha zote za mchana akisema zimeungua, yaani mwanga umezidi zikawa nyeupe. Kuungua zilikuwa zimeungua kweli, sikumbishia. Ila yeye alilaumu saa, na mimi naamini kosa lilikuwa la mkono wangu.

5 Oktoba, Kidike

Mlinzi wa miti ya popo hapa Kidike ni mzee wa rika la baba yangu. Nilimpa shikamoo, akaitika "Marahaba mwanangu," akanikalisha kwenye gogo na kuniambia ninyamaze kwanza nisikilize. Juu yetu palikuwa na zogo kama la soko: popo mamia wakigombania nafasi za kuning'inia.

Popo wa Pemba hapatikani pengine popote duniani. Mabawa yake yakikunjuliwa yanafika mita moja na nusu na ziada kutoka ncha hadi ncha. Uso ni kama wa mbweha, masikio mafupi, na manyoya yana rangi ya chungwa bivu inayokolea kuelekea hudhurungi. Watu waliwawinda kwa nyama, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa wamekaribia kwisha. Ndipo baadhi ya vijiji vikaamua kuwalinda, Kidike kikiwa kimoja, na miti ikajaa tena. Mzee anaikumbuka miti ile ikiwa mitupu.

Nilikuja jioni makusudi, nipate cha kulinganisha na kesho. Magharibi ilipoingia waliondoka kwa makundi, mbingu nyuma yao ikiwa ya waridi. Nikapiga picha karibu mia mbili. Ni nzuri, hakuna atakayezikataa. Lakini kila nikizitazama naona kitu kilekile: maumbo meusi kwenye rangi ya waridi. Angeweza kuwa popo yeyote wa nchi yoyote. Uso hauonekani, manyoya hayaonekani, na ile rangi ya chungwa imemezwa yote.

Mzee alichungulia kwenye skrini akasema, "Hapa wanakwenda kazini, mwanangu. Nyumbani kwao bado hujawaona."

6 Oktoba, Kidike

Tulikuwa chini ya miti tangu saa nne. Mzee alichomeka kijiti cha mkarafuu kwenye udongo uliokuwa wazi, tukawa tunakitazama kivuli chake kikirudi nyuma kama maji yanayopwa. Saa sita na dakika chache kilikuwa kimekwisha kabisa. Kivuli changu mwenyewe kilijikusanya chini ya viatu. "Jua linapinduka sasa hivi," mzee akasema, akaenda kutawadha. Haikupita muda adhana ya Adhuhuri ikasikika kutoka kijijini.

Kwa mtu wa kamera, hapo ndipo pabaya kuliko pote. Mwanga unashuka wima, paji la uso linang'aa na macho yanazama kwenye mashimo meusi. Kwa mnyama aliyesimama chini ni tabu tupu. Ila popo amening'inia kichwa chini, nami nimelala chali chini yake, na hapo hesabu inageuka. Jua liko upande wa pili wa bawa lake.

Kabla sijasema nilichokiona niseme hatari yake, maana kuna vijana wataenda kujaribu. Lenzi ndefu ikielekezwa kwenye jua inakusanya joto lote mahali pamoja. Inaweza kuharibu kihisi cha kamera, na ukichungulia kwa jicho kwenye kamera yenye kioo cha ndani inaweza kuharibu jicho lenyewe. Nilichofanya ni kujiburura na kanga yangu chini ya miti hadi duara la jua likajificha nyuma ya shina nene, huku popo wa pembeni ya shina akibaki ndani ya mwanga. Kila robo saa nilijiburura tena kidogo, kwa kuwa jua halikai.

Joto linapowazidi, popo hawa hujipepea. Hufungua bawa moja, mara nyingine yote mawili, na kulipunga polepole kama mtu anayepepea jiko la mkaa asilotaka liwake upesi. Katikati ya kupunga hujilamba kifua na bawa, mate yakikauka yanapoza mwili. Jioni hufanyi miadi na jambo hili. Linafanyika wakati jua limekaa utosini.

Mmoja alifungua bawa lake la kushoto juu yangu, kama mita kumi na tano hivi. Ngozi ile ambayo jana ilikuwa nyeusi tii ilipitisha mwanga ikawa rangi ya chai ya mkandaa kwenye gilasi. Nikaona vidole vyake vinne virefu ndani ya bawa, vyembamba kama njiti za ukuti, na kila kiungo kikiwa na kifundo. Nikaona mishipa ya damu ikigawanyika kuelekea ukingoni, tawi likizaa tawi. Karibu na kidole cha mwisho palikuwa na tundu dogo lililoanza kuziba, kingo zake zimefura kidogo na kupauka, kovu jipya. Aliumizwa na mwiba au na mwenzake, sijui, lakini anapona.

Kamera ikiachiwa iamue yenyewe hapa inapotea. Inaona mbingu nyeupe nyingi mno, inafunga mwanga, na popo anageuka kuwa doa jeusi kama wale wa jana. Niliiondolea mamlaka. ISO 400 (wepesi wa kamera kwa mwanga), f/8 (upana wa tundu la lenzi), shata 1/800 ya sekunde, kipimo nikikichukua kwenye ngozi ya bawa peke yake. Mbingu ikaungua ikawa nyeupe kabisa, na nimeiacha iungue. Mbingu haikuwa na habari yoyote ya kunipa mchana ule. Habari yote ilikuwa kwenye bawa.

Mzee aliporudi kutoka msikitini nilimwonyesha ile yenye kovu. Aliishika kamera kwa mikono miwili, akaiangalia muda mrefu bila kusema neno.

7 Oktoba, Ngezi na Vumawimbi

Asubuhi tulipita Ngezi. Msitu ni mzito, unyevu umejaa, na mipapindi yake, minazi ile ya porini ya Pemba, imesimama kwenye kivuli kama watu wanaosubiri kitu. Kima punju wapo humu tangu 1974, walipoletwa wachache kutoka Unguja, lakini leo hawakujitokeza. Sikuwatafuta sana. Nilikuwa naiwahi bahari.

Mwezi ni mpevu usiku wa leo, kwa hiyo ni bamvua. Mvuvi yeyote wa huku atakwambia kwamba siku za bamvua maji hutoka kabisa kuanzia kama saa nne na nusu hivi asubuhi, na alasiri kuelekea jioni yamejaa hadi kwenye miti. Mpiga picha anayengoja mwanga wa jioni atakuta bahari imejaa na ndege wamepumzika. Yangeyange hawafuati saa ya dhahabu, wanafuata maji. Maji yakitoka wanakula, na jua likiwa kali ni kwamba ndiyo saa ya kula.

Vumawimbi mchanga wake ni mweupe kama unga wa ngano. Nilipofika ufukwe ulikuwa umejinyoosha mbali, madimbwi yakimetameta, na yangeyange kama kumi na tano walikuwa kazini. Wa pwani yetu wana jambo la pekee: ni ndege wa aina moja, lakini wengine ni weupe pe na wengine ni kijivu cheusi kama mvua ya masika inayokuja. Wanakula pamoja. Na wawili, mmoja mweupe na mmoja mweusi, walikuwa wamesimama bega kwa bega kwenye dimbwi moja.

Sijawahi kupewa mtihani mgumu kuliko ule. Kamera hudhani dunia nzima ina ung'avu wa wastani. Ukiielekeza kwenye mchanga mweupe inaugeuza kijivu. Ukimpimia yangeyange mweusi, mweupe anageuka karatasi tupu isiyo na unyoya hata mmoja. Ukimpimia mweupe, mweusi anakuwa tundu kwenye picha.

Kwanza nilikosea umbali. Nilipiga kutoka mita sitini hivi, na picha zote zilitoka zimelegea kama zimepigwa kupitia maji. Lenzi haikuwa na kosa. Mchanga ukipata moto hewa ya chini inakuwa na joto kuliko ya juu yake, mwanga ukipita humo unapinda huku na huku, na lenzi ndefu inaukuza mpindo huo pamoja na ndege. Dawa yake ni kupunguza hewa iliyo katikati. Nikavua viatu, nikaingia madimbwini, nikawa natembea hatua tatu na kusimama, hatua tatu na kusimama, kanga kichwani, uso nikiuelekeza pembeni ili ndege wasione wanatazamwa. Ilinichukua karibu saa nzima kufika mita ishirini. Hawakuruka.

Nilikumbuka kanuni ya watu wa filamu ambayo mjomba wangu alinifundisha katika studio yake ya Mjini: jua likiwa wazi, weka f/16 na shata iwe sekunde moja kugawa kwa namba ya filamu, ambayo leo ndiyo ISO. Kamera haiulizwi kitu, linaulizwa jua, na jua la mchana mweupe halibadiliki. Nikaanzia hapo kisha nikaminya kidogo kwa ajili ya mweupe: ISO 200, f/8, shata 1/1250. Nilipokuza picha kwenye skrini manyoya ya mgongo wake yalikuwa yote yapo, moja moja.

Na mweusi? Nilidhani nimempoteza. Nikamtazama vizuri, nikaona jambo ambalo bila kusogea nisingeliona. Dimbwi lilikuwa na kina cha kifundo cha mguu, chini yake mchanga mweupe. Jua lilikuwa linaingia majini, linagonga mchanga na kurudi juu. Tumbo la yule mweusi lilikuwa limepata mwanga kutoka chini, na shingoni mwake palikuwa na wavu wa nuru unaotembea, nyuzi za dhahabu zikifunguka na kujifunga kila mawimbi madogo yalipopita. Alipoinama kuvizia samaki wavu ule ukapanda hadi kwenye shavu na kulizunguka jicho la manjano. Alichoma mdomo majini, mwanga ukavunjika wote, kisha ukajishona upya.

Nimepiga fremu arubaini na moja za shingo ile. Tatu ndizo zenye wavu mzima.

Jua likiwa limeinama pembeni, nuru ingeteleza juu ya maji ikaenda zake, isingezama mchangani na kurudi kwa nguvu ile. Nimekaa miaka nikikimbia saa hii.

8 Oktoba, baharini

Siku ya boti tu. Kutoka Mkoani bahari ilikuwa shwari, demani ya kweli. Nimekaa kivulini nikifuta picha. Za jioni ya Kidike nimebakisha sita kati ya mia mbili. Mkono wa kulia umeungua kwa jua kutoka kiwiko hadi kidoleni, na mama amenipaka mafuta ya nazi nilipofika nyumbani bila kuniuliza nilikuwa wapi.

9 Oktoba, Jozani

Daladala ya kusini ilinishusha langoni asubuhi. Jozani na Ghuba ya Chwaka ni hifadhi ya taifa tangu 2004, na ndiyo nyumba kubwa ya kima punju, ambao asili yao ni Unguja peke yake. Kaka mwongoza wageni aliniuliza nataka njia ya msituni au upande wa mashamba. Nikamwambia nataka wanapopumzika jua likiwa kali. Akacheka kwa furaha, akasema watu huwa wanamwomba kinyume chake, akanipeleka kusini ya barabara, kwenye miti ya mikungu.

Jina lao linawaonea. Punju ni sumu, na wakulima wa zamani waliamini mti aliokula kima huyu unakauka. Yeye mwenyewe ndiye anayehangaika na sumu. Majani ya mkungu na mwembe yana vitu vinavyoukera mwili, na kima wa maeneo haya hutafuta makaa na kuyala. Wataalamu waliowachunguza wanaona makaa yanazishika zile sumu tumboni. Nilimwona mmoja ana weusi kwenye mdomo na nikafikiri ni kivuli. Kumbe alikuwa ametafuna kipande cha mkaa.

Mwanga wa hapa ni mbaya kuliko wa ufukweni. Kule jua ni moja. Hapa limekatwakatwa na majani, na kila kima ana madoa meupe ya jua na mabaka ya kivuli yasiyohusiana na umbo lake. Ongeza na rangi zake: mgongo mwekundu, mabega na mikono myeusi, uso mweusi, na kuzunguka uso nywele nyeupe zilizosimama kama za mtu aliyeamshwa ghafla. Doa la jua likizigusa nywele zile zinaungua, na hapohapo uso ulio katikati yake hauonekani. Juu ya yote, mwanga uliopenya majani ni wa kijani, na tumbo jeupe linatoka kama limevunda.

Kwa saa mbili sikupata kitu. Nilijaribu kuongeza mwanga, nikapunguza, nikabadilisha mahali. Kaka alikuwa amechuchumaa kando yangu, hana haraka. Ndiye aliyeniambia, "Dada, muache yule wa juu. Muangalie mama aliyekaa karibu na majani makavu."

Mkungu ukitaka kuangusha majani yake huyageuza mekundu kwanza. Chini ya ule mti palikuwa na zulia lake, jekundu na la machungwa, na doa moja kubwa la jua lilikuwa limeanguka katikati ya zulia. Kima jike alikuwa ameketi kwenye tawi la chini, kama nusu mita juu ya doa hilo, yeye mwenyewe akiwa kivulini. Mwanga uligonga majani makavu, ukarudi juu ukiwa umepata joto la rangi yake, ukamfika usoni kutoka chini. Ile kijani ilikuwa imekufa. Macho yake ya kahawia yalikuwa na uhai, mikunjo ya ngozi juu ya pua ilihesabika, na nywele nyeupe hazikuungua kwa sababu jua halikuzigusa moja kwa moja.

Nilishusha pumzi. ISO 800, f/5.6, shata 1/250. Flashi sikuiwasha, ingeua kila kitu nilichokuwa nimekiona.

Alinyoosha mkono akavuta jani bichi. Mkono ulipokuja mbele ya kifua ulipita kwenye ule mwanga wa chini, na hapo nikaviona vidole: vinne, virefu, vimekunjwa kama ndoana juu ya jani. Mahali pa kidole gumba pana kinundu kidogo tu, kama kifungo kilichosahaulika. Hiyo ndiyo alama ya jamii yao nzima, na nilikuwa nimeisoma mara nyingi bila kuiona kwenye picha yangu hata moja, maana mikono yao ni myeusi na daima imezama kivulini. Alikula jani, akatupa kikonyo, akajikuna paja, akaondoka. Doa la jua nalo lilikuwa limeshahama.

Tulitoka pamoja hadi barabarani. Kundi lilikuwa linavuka, na magari yalikuwa yanapita taratibu kwenye matuta yaliyowekwa kwa ajili yao, kwani hapa wengi wamekufa kwa kugongwa. Saa sita imepita kidogo. Kila kima aliyeshuka kwenye lami alikuwa amekikanyaga kivuli chake chote, duara moja dogo jeusi chini ya tumbo, likimfuata kama sahani. Nikapiga hiyo pia, kwa lenzi fupi, na tuta likionekana.

Kaka aliomba kuona picha ya mkono. Aliikuza, akahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, nne, kisha akakuza tena hadi kwenye kile kinundu. Akasema kila siku anawaambia wageni habari ya kidole gumba na hakuna anayeona, na je, naweza kumpa hii aichapishe awe nayo mfukoni. Simu yake ilikuwa imeisha chaji. Nikachukua kalamu yangu nikamwandikia namba ya picha kwenye kiganja, 2217, na mimi nikaiandika namba hiyohiyo kwenye mkono wangu ule uliobambuka ngozi kwa jua, ili usiku nikifika nyumbani nianze na hiyo.